Biskuti za Kakao za Noeli na Fungu la Mtoto

Mama msomaji, Noeli inakaribia. Watoto wamekwisha kuanza kuuliza, "Mama, mwaka huu tutakula nini?" Labda wameona biskuti za chokoleti katika duka la Kiwanja, zimefungwa katika karatasi za kung'aa. Nawe ukihesabu faranga zako unaona hazitoshi. Usihuzunike. Biskuti za kakao ni rahisi kuoka nyumbani, hata kama huna tanuru. Unahitaji mbabula, sufuria nzee, na saa moja na nusu ya kazi.

Lakini kitabu hiki ni kitabu cha afya, kwa hiyo hatutakufundisha kuoka tu. Tunataka biskuti zako zimfae mtoto, wala zisimwumize. Kwa hiyo tutasema mambo matatu: vitu vinavyoingia katika beseni, moto unaooka, na mtoto anayestahili kupata fungu la kwanza.

KAKAO INATOKA WAPI

Watu wengine hufikiri ya kuwa kakao ni chakula cha Wazungu. Sivyo. Mti wa kakao unamea katika nchi yetu ya Kivu ya Kaskazini, upande wa Beni na chini ya mlima Ruwenzori, mahali penye joto na mvua ya kutosha. Tunda lake ni kubwa kama papai dogo, na ndani yake mna punje zenye utelezi mweupe. Mkulima huzitoa, huzifunika kwa majani ya migomba siku kadhaa mpaka zichachuke, ndipo huzianika juani. Punje nyingi huuzwa nje ya nchi. Lakini si zote, kwa maana huko Mutwanga kulianzishwa hata kiwanda kidogo cha kutengeneza chokoleti.

Unga wa kakao unaouzwa katika makopo ni punje hizo hizo, zilizokaangwa na kusagwa, kisha mafuta yake mengi yakakamuliwa. Ukipata punje kavu kutoka Beni unaweza kuutengeneza mwenyewe. Zikaange kwa moto mdogo mpaka maganda yapasuke na harufu nzuri itoke. Ziache zipoe, toa maganda yote, kisha zitwange katika kinu kilicho safi. Utapata kitu kizito chenye mafuta, si unga mkavu. Hicho nacho ni kizuri kwa biskuti. Kitie kama unga wa dukani, ila punguza mafuta mengine kidogo.

NCHI YA KAKAO NA WATOTO WALIOVIMBA

Sikiliza habari hii. Huko Afrika ya Magharibi kuna nchi ya Ghana, ambayo zamani iliitwa Gold Coast. Mwaka 1879 mtu mmoja aliyeitwa Tetteh Quarshie alileta mbegu za kakao kutoka kisiwa cha Fernando Po akazipanda. Kakao ikaenea, na nchi ile ikajulikana ulimwenguni pote kwa kakao yake.

Katika nchi ile ile alifanya kazi daktari mwanamke, jina lake Cicely Williams. Aliona watoto wadogo waliovimba miguu, ngozi yao ikibambuka, nywele zao zimegeuka rangi, nao wana huzuni wala hawataki kucheza. Watoto hao walikuwa wakilishwa uji wa mahindi, pasipo chakula kingine cha kujenga mwili. Mwaka 1933 aliandika habari zao, na mwaka 1935 akauita ugonjwa ule kwa jina lililotumiwa na wenyeji wa Accra: kwashiorkor. Maana ya jina hilo ni ugonjwa unaompata mtoto wakati mdogo wake anapozaliwa. Kwa nini wakati huo? Kwa sababu anaondolewa katika maziwa ya mama, naye hapewi chakula kingine chenye nguvu kama yale maziwa.

Sisi wa Kivu tunaujua ugonjwa huo. Tunauita bwaki. Waganga wa leo wanajua kwamba kuhara, surua, na homa nazo husaidia kuuleta. Lakini mtoto anayekula ugali wa muhogo kila siku, pasipo maharagwe wala yai wala maziwa, amefunguliwa mlango wa bwaki.

Basi, kakao nyingi haikuwaokoa watoto wale, wala biskuti yenye unga na sukari tu haitamsaidia mtoto wako. Inapendeza ulimi, inajaza tumbo, na kumwondolea mtoto njaa ya chakula chenye kujenga. Biskuti nyingi za dukani ziko hivyo. Lakini ukioka mwenyewe, unaweza kutia kitu cha kujenga mwili.

Kitu hicho tunacho katika mashamba ya Rutshuru: soya. Angalia hesabu. Gramu 100 za soya kavu zina karibu gramu 36 za protini, yaani kile kinachojenga mwili. Gramu 100 za mahindi zina karibu gramu 9. Unga wa muhogo haufiki gramu 3. Karanga nazo ni nzuri sana, zina karibu gramu 25.

VITU VYA KUTAYARISHA

Kikombe tunachosema hapa ni cha robo lita. Vipimo hivi vinatoa biskuti ndogo karibu 30.

Unga wa ngano, vikombe 2.
Unga wa soya iliyopikwa, nusu kikombe.
Unga wa kakao, vijiko vikubwa 3.
Sukari, nusu kikombe, isizidi.
Majarini au mafuta, nusu kikombe. Ukipenda, robo iwe mafuta na robo iwe karanga zilizosagwa laini.
Mayai 2. Moja ni la biskuti. La pili tutasema baadaye ni la nani.
Chumvi, kiasi unachoweza kushika kwa vidole viwili.
Unga wa kuumulia keki, kijiko kidogo 1. Ukikosa, usijali, biskuti zitakuwa ngumu kidogo tu.
Maziwa au maji yaliyochemshwa, vijiko vichache.

Usitumie soya mbichi. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kutumia chakula. Chagua punje nzuri, zitie katika maji yanayochemka, zichemke dakika 30. Zisugue kwa mikono upate kutoa maganda, uzianike mpaka zikauke kabisa, kisha uzikaange kidogo na kuzipeleka kwenye kinu cha kusaga. Fanya kazi hiyo siku kadhaa mbele ya sikukuu.

Angalia karanga na mahindi pia. Punje yenye ukungu, yenye rangi ya kijani au nyeusi, au yenye uchungu mdomoni, itupe. Ukungu huo una sumu inayoharibu maini polepole, na kupika hakuiondoi. Usiwape kuku punje hizo, maana nao hudhurika.

NAMNA YA KUCHANGANYA

Kwanza nawa mikono kwa sabuni na maji mengi, na watoto watakaokusaidia wanawe pia. Kipindupindu kimetembelea Rutshuru mara nyingi, nacho hupita katika maji machafu na mikono michafu. Osha meza na beseni. Maji ya mto yachemshwe kabla ya kuyatia katika chakula.

Changanya unga wa ngano, unga wa soya, kakao, chumvi, na unga wa kuumulia. Katika beseni lingine piga majarini na sukari mpaka vilainike, halafu tia yai moja, upige tena. Mimina unga juu yake kidogo kidogo. Tia maziwa kijiko kimoja kimoja mpaka donge lishikamane wala lisinate mikononi. Vunja vipande vidogo, uvifanye mviringo, kisha uvibonyeze viwe na unene wa kidole kimoja. Wape watoto kazi hiyo, wataifurahia. Lakini usiwaache walambe donge bichi, kwa sababu yai bichi na unga mbichi huweza kuleta ugonjwa wa tumbo.

NAMNA YA KUOKA BILA TANURU

Tangu mwaka 2015, kituo cha umeme cha Matebe kilipojengwa hapa Rutshuru, nyumba nyingine zimepata umeme. Lakini wengi wetu tunapika kwa makala au kuni. Fanya hivi.

1. Twaa sufuria kubwa, nzito, iliyo nzee, kwa maana kazi hii huichakaza. Sufuria nyembamba haifai.

2. Tia ndani mchanga safi uliokauka kabisa, kimo cha vidole viwili. Usitie mawe yenye unyevu, maana yakipata moto huweza kupasuka na kurusha vipande.

3. Funika kwa kifuniko cha chuma. Usitumie kipande cha bati jipya wala bati lenye rangi. Likipata moto sana hutoa moshi wenye sumu.

4. Weka sufuria juu ya mbabula yenye makala machache yaliyokwisha kushika moto. Weka makala mengine juu ya kifuniko. Ya juu yawe mengi kuliko ya chini, la sivyo biskuti zitaungua chini na kubaki mbichi juu. Ngoja dakika 15.

5. Panga biskuti 8 au 10 katika sahani ya chuma iliyopakwa mafuta. Ondoa kifuniko pamoja na makala yake kwa koleo, weka sahani juu ya mchanga, funika tena.

6. Ngoja dakika 15 mpaka 20. Kakao ni nyeusi, kwa hiyo huwezi kuona kwa rangi kama zimeiva. Bonyeza pembeni: zikiwa imara pembeni na laini kidogo katikati, zitoe. Zitakazana zikipoa.

7. Rudia mpaka donge liishe. Kusanya makala yote, uyazime kwa maji.

MOTO NA HEWA YA MAKALA

Mwezi wa Desemba mvua ya Rutshuru mara nyingi haijakwisha, na upande wa Jomba na Tongo usiku ni baridi. Mama anapikia biskuti zake nje, mvua inanyesha, naye anaiingiza mbabula ndani ya nyumba. Anafunga mlango na dirisha. Watoto wanafurahia joto, wanalala kando yake. Mama, jambo hilo limeua watu wengi.

Watu wa Goma na Sake wanajua mazuku, ile hewa mbaya inayotoka katika ardhi ya volkano na kukaa katika mashimo, ambayo huua mbuzi na hata watu. Makala yanayowaka nayo hutoa hewa ya kuua. Si ile ile ya mazuku. Waganga huiita monoksidi ya kaboni. Ile ya mazuku ni nzito, hukaa chini. Hii ya makala huenea katika nyumba yote, juu na chini. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Hata makala mekundu yasiyo na moshi huitoa. Inaingia katika damu na kuchukua mahali pa hewa njema, na mtu aliyelala hufa pasipo kuamka.

Basi shika sheria hizi. Oka nje, au katika jiko lenye pande zilizo wazi. Mvua ikinyesha, pikia chini ya baraza. Usilale kamwe mahali penye mbabula inayowaka, hata kama makala yamefunikwa majivu. Ikiwa watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa pamoja, wanaona kizunguzungu, wanatapika, au wanalegea, usidhani wamerogwa wala usiseme ni chakula cha sikukuu. Fungua milango, watoe wote nje kwenye hewa safi, uwapeleke hospitali upesi.

MTOTO AKIUNGUA

Siku ya kuoka, watoto huzunguka mbabula kama vifaranga. Chora mstari chini, hatua mbili kutoka kwenye moto, uwaambie wasiupite. Mtoto ambaye hajui maana ya mstari abebwe mgongoni na dada yake, mbali na moto. Usimwache mtoto mkubwa akachunga moto peke yake. Nguo ndefu na vitenge vinavyoning'inia vifungwe.

Akiungua, mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi dakika 20. Usiache baada ya dakika mbili kwa sababu amenyamaza. Vua nguo na bangili zilizo karibu, lakini nguo iliyoshikamana na ngozi usiivute. Usipake mafuta, yai, udongo, dawa ya meno, wala samadi ya ng'ombe. Vitu hivyo huleta usaha. Funika kwa kitambaa safi. Ikiwa kidonda kinazidi kiganja cha mtoto mwenyewe, au kiko usoni, mikononi, au sehemu za siri, asilale nyumbani. Mpeleke hospitali siku ile ile.

FUNGU LA KWANZA NI LA NANI

Sasa biskuti zimeiva, nyumba inanukia. Wageni wametoka kanisani. Katika miaka hii ya vita, nyumba nyingi za Rutshuru zimewapokea ndugu waliokimbia vijiji vyao, na pengine wewe mwenyewe umekuwa mgeni katika nyumba ya mtu. Ni vema kuwapa wageni. Ni vema kumpa baba. Lakini tazama nyuma ya mlango. Yuko mtoto mmoja ambaye mdogo wake amezaliwa juzi. Mama anambeba mchanga, na huyu ameshushwa mgongoni. Hapigani na wakubwa apate chakula, anangoja. Sinia inapomfikia, yamebaki makombo. Huyo ndiye mtoto ambaye jina lile la Accra linamwonyesha.

Mpe huyo fungu la kwanza, naye apewe kwa umri wake.

Mtoto ambaye hajatimiza miezi 6: maziwa ya mama peke yake. Hata maji asipewe.

Mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 2: aendelee kunyonya. Biskuti na sukari si chakula chake. Lakini kumbuka yai la pili, nalo ni lake. Siku ya kuoka, kabla hujatia sukari na kakao, weka kando vijiko viwili vya unga wa soya, umpikie uji mzito wa mahindi na soya. Chemsha yai lake mpaka liwe gumu, uliponde ndani ya uji.

Mtoto aliyepita miaka 2: mpe biskuti mbili au tatu pamoja na kikombe cha maziwa, baada ya chakula cha maharagwe au samaki. Asizunguke nazo mchana kutwa, maana sukari inayokaa katika meno siku nzima huyatoboa. Jioni apige mswaki. Karanga nzima usimpe mtoto mdogo, huweza kumkaba koo; zilizosagwa ni salama.

Kisha neno moja zito. Bonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba, uhesabu mpaka tatu. Ukiondoa kidole na shimo likabaki, katika miguu yote miwili, ameshikwa na bwaki. Au mganga akimpima mkono kwa utepe, naye ana umri wa miezi 6 mpaka miaka 5, na utepe ukaonyesha rangi nyekundu, yaani chini ya milimita 115, amekonda sana na yuko hatarini. Mtoto huyo usijaribu kumponya kwa biskuti, wala kwa uji mwingi wa ghafula, wala kwa dawa za kienyeji. Mwili wake umedhoofika, na chakula kingi upesi huweza kumwua. Mpeleke kituo cha afya au hospitali, hata kama ni siku ya Noeli. Huko wanayo maziwa na chakula maalumu cha karanga kilichopimwa kwa ajili yake.

Katika Marko sura ya 5 tunasoma habari ya binti Yairo. Bwana Yesu alipomwamsha kutoka mautini, watu wote walishangaa. Lakini Yeye alikumbuka jambo ambalo wao wamelisahau: aliagiza msichana apewe chakula. Sisi tunaokumbuka kuzaliwa kwake tufanye vivyo hivyo katika nyumba zetu. Mtoto aliye dhaifu ale kwanza, nasi wengine tufurahi pamoja naye.

MASWALI YA KIKUNDI CHA AKINA MAMA

1. Kwa nini soya isitumiwe ikiwa mbichi?
2. Makala mekundu yasiyo na moshi yana hatari gani ndani ya nyumba iliyofungwa?
3. Mtoto akiungua, utamwagia maji dakika ngapi? Ni vitu gani usivyopaka?
4. Utajuaje kama mguu wa mtoto umevimba kwa bwaki?
5. Katika nyumba yako, ni mtoto gani aliyeachishwa maziwa karibuni? Noeli hii utamwekea nini kabla ya kuwapa wengine?